Kiguunjia na Bembea ya Sentimita Tano

Ukitaka kumtesa Kiguunjia, wala usihangaike na kiboko. Mkalishe tu. Tangu utotoni alikuwa kiguu na njia, na jina likamganda hata shangazi yake aliyemlea akalisahau lile la kwenye cheti. Alikula amesimama. Msusi wake alishatishia kumfunga kwenye stuli kwa kamba. Na hesabu alizifanya akitembea: kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye tangi la maji, kurudi, hadi kwenye tangi, kurudi, midomo ikimcheza, na jibu likija ndipo anakimbilia daftari.

Na si hesabu za kujumlisha na kutoa, usinielewe vibaya! Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, darasa la hesabu za juu, lile lililoanza na watu ishirini na wawili likabaki na saba. Wenzake walihamia historia wakisema afadhali kukariri vita kuliko kupigana kila siku. Yeye akang'ang'ania. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa, na mapaa yake hayakuwahi kubomoka. Kiguunjia alitaka kujua kwa nini hayabomoki, na siku moja achore majengo makubwa kuliko yale ya baba. Bila hesabu za juu, hiyo ndoto aifute.

Shida ilikuwa kiti. Mtihani ni wa saa tatu, lakini zikitimia mbili tu miguu inamwasha, anakabidhi karatasi na kutoka mbio, hajarudia kusoma hata mstari. Thelathini na nane. Arobaini na tatu. Akili anazo, alama hana, na hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa hana vyote.

"Karatasi zako, binti, ni kama chungu kilichoepuliwa kibichi," mwalimu wa hesabu alimwambia. Alikuwa mtu mpole, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. "Sasa ofisi ya taaluma wameamua. Mtihani huu wa majaribio, ukipata chini ya hamsini unahamishiwa historia. Nimekutetea mpaka nimechoka."

"Nifanyeje, mwalimu?"

"Ukae! Mpaka kengele. Hata ukimaliza, kaa. Hata ukifa, ufe umekaa."

Asubuhi ya mtihani alikikuta kikokotoo chake mezani, pembeni ya penseli bapa ya baba. Hakushangaa. Mzee alikuwa na mtindo wa kukiazima kutafutia mwinamo wa paa. Akakitia mfukoni, akaondoka mbio.

Akaandika kwa kasi yake ileile, na saa mbili na robo zilipopita alikuwa amemaliza. Mama wee! Miguu ikaanza. Magoti yakacheza chini ya dawati, vidole vikagonga mbao mpaka jirani yake akamkata jicho. Mlango ulikuwa wazi, jua linaonekana uani. Nyanyuka tu, miguu ilimwambia, umeshamaliza, unangoja nini? Akashika dawati kwa mikono miwili, kijasho chembamba kikimtoka, na kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya mtu akikaa, akasoma karatasi yake mwenyewe.

Swali la tano lilihusu bembea. Imesukumwa kwa nguvu. Baada ya sekunde moja imefika umbali gani? Jibu lake: sentimita tano.

Sentimita tano! Yeye aliyeishi kwenye bembea, aliyeng'oa meno mawili kwa bembea! Bembea gani hiyo, imepigwa ganzi? Akazipitia hatua zake moja moja. Zote sawa. Akakitazama kikokotoo. Darasani kwao pembe za maswali ya mwendo kama hili hupimwa kwa radiani, kipimo cha wanahesabu. Mafundi wanapima kwa nyuzi, zile tisini za kona ya mraba, na kikokotoo kilikuwa kwenye nyuzi. Kitufe kimoja tu. Maswali manne yalikuwa yameharibika, na zimebaki dakika arobaini.

Akabonyeza kitufe, akaanza upya. Bembea ikaruka mita moja na sentimita thelathini na sita, kama bembea yenye akili timamu. Akasahihisha la pili kati ya yale manne. La tatu. La nne alikuwa katikati yake kengele ilipolia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anachemka. Baba alikuwa uani, ananoa randa, uso umejaa furaha.

"Enhe, mwanangu? Na hicho kikokotoo chako, lo! Leo mbao zote zimeingia mara ya kwanza, sikukata hata moja upya."

"Baba, umenimaliza!" Akayamwaga yote: nyuzi, radiani, maswali manne, historia. "Ulikiweka kwenye nyuzi, na hukukirudisha!"

Mzee akaiweka randa chini polepole.

"Kumbe kinarudishwa?"

Hasira ikamtoka Kiguunjia palepale, ikaingia aibu. "Nimesahihisha matatu, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Sijui kama yatatosha." Wiki nzima mzee hakukigusa tena kikokotoo, hata alipopewa mkononi.

Siku ya matokeo mwalimu alimpa karatasi, nyusi zake za chaki zimepanda juu. Hamsini na sita. Kiguunjia akatoka kama mshale kwenda kuwaambia wa nyumbani, na langoni mlinzi akamdaka.

"Yule ni baba yako? Tangu asubuhi hajakaa! Nimempa kiti changu hakitaki. Anakwenda, anarudi, kichwa kinaniuma."

Baba yake alikuwa nje ya lango, kofia mkononi. Mtu anayeweza kukaa juu ya paa kutwa nzima bila kutikisika, sasa alikuwa anakwenda hadi kwenye nguzo ya umeme, kurudi, hadi kwenye nguzo, kurudi, midomo ikimcheza.

"Baba. Hamsini na sita. Nimebaki."

Alimtazama kama hajasikia, akapiga hatua mbili nyingine kuelekea kwenye nguzo. Kiguunjia akamshika mkono.

"Kaa, baba."

Akakaa kwenye kiti cha mlinzi, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kumtikisika. Kiguunjia akakaa chini kando yake, kwenye vumbi, na hakunyanyuka mpaka mzee alipomaliza.