Kimya cha Njia ya Kasenyi

Nafundisha Kiingereza hapa Bunia, Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na nawaambia mapema: subira sina. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi wao wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Uganda. Mbishi kuliko wote ni yaya, dada yangu mkubwa, anayeteremka Kasenyi, kando ya ziwa, kila wiki kuleta samaki. Mbele ya watu ananiita mwalimu. Tukifika nyumbani ananituma maji.

Siku moja niliandika kwenye tablo: quiet, calm, silent. Zogo likaanza. Siye tumesomea Kifaransa, na kwenye redio kila kitu ni kalme. Kwa Kiswahili chetu ni kimya, basi.

"Hawa Waingereza wana shida gani?" yaya akauliza. "Kimya ni kimya. Unatujaza kichwa bure."

Nikagonga tablo kwa kiganja. "Musikilize vizuri! Mutoto amenyonya, amelala, hana kelele: huyo ni quiet. Mutoto alishtuka, ukamubeba, moyo wake ukatulia: huyo ni calm. Mutoto wa homa amelia usiku wote, halafu kilio kinakatika, na weye unaogopa kumufunua bulangeti. Huyo ni silent."

Hakuna aliyecheka. Mtoto huyo wa mwisho mimi na yaya tunamjua; alikuwa wake, tulimzika pamoja. Aliinamisha kichwa akaandika.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu, ukimpigia simu mtu anayekaa kandokando ya njia, humuulizi habari za wenye silaha, naye hakuambii. Nani anajua ni sikio gani linasikiliza? Anayesema leo kwamba watu wamepita porini, kesho ataulizwa alijuaje. Kwa hiyo swali ni moja tu, "Kuko namna gani?" na jibu ni moja, "Kuko kimya." Mashofere wanawasha gari kwa jibu hilo. Nalichukia kwa moyo wangu wote, na mimi mwenyewe nalitumia.

Wiki iliyofuata yaya alinipigia simu asubuhi kutoka Kasenyi. Samaki wabichi walikuwa wamepakiwa tayari, yeye mwenyewe amekwisha kupanda, kamioni iko karibu kuondoka. Shofere ni jirani yetu. Mimi na mke wake tunatenganishwa na ua wa mabati tu. Shofere alikuwa amempigia mama mmoja anayeuza mihogo katika kijiji cha huko mlimani, kwenye njia ya kuja Bunia, penye mashini ya kusaga unga.

"Anasema kuko kimya," yaya akaniambia. "Saa sita niko nyumbani."

"Kimya gani?"

"Aka! Weye mutoto, samaki inaoza na weye unanifanyia leson?"

"Yaya, nakuomba. Ambia shofere apige tena. Asiulize kuko namna gani. Aulize kama mashini ya unga inazunguka. Aulize kama bamama wameenda maji. Hayo mutu anaweza kujibu bila woga."

Alinitukana kidogo, lakini alimwambia. Nilimsikia shofere akicheka, kisha akiuliza kwa mzaha, kama anayemridhisha mtoto. Yaya aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mashini haijawashwa tangu jana. Hakuna mwanamuke ametoka. Hata kuku wamefungiwa ndani."

"Shuka, yaya."

"Na samaki?"

"Samaki ioze! Shuka, kwa jina la Mungu!" Nilipiga kelele hadi mke wa shofere akachungulia juu ya ua.

Yaya akashuka. Baadaye aliniambia kwamba alimshika shofere mkono, akamsihi na yeye abaki. Shofere akamjibu kwamba huo ni woga wa wanawake; ameambiwa kuko kimya, na hiyo inatosha. Kamioni ikapanda mlima na vikapu vya dada yangu.

Saa sita ikapita. Mchana wote niliipigia namba ya shofere, haikuita. 

Kesho yake, sokoni, mwendesha pikipiki mmoja aliyetoka upande ule alinivuta kando. Akaniambia alichokikuta barabarani, na nani alikuwa amelala chini karibu na gurudumu. Nilirudi nyumbani nikitafuta maneno ya kumwambia mke wa shofere. Kumbe yeye alikuwa ameshanitangulia, ameketi kwenye kiti uani kwangu na mtoto mgongoni. Nilimpa chai, akaikataa. Nilifungua kinywa, na hapo hapo simu ikalia. Alikuwa yaya, bado yuko Kasenyi.

"Kuko namna gani huko? Kamioni ilifika?"

Mke wa shofere alikuwa ananitazama midomo.

"Hapa kuko kimya, yaya."

"Kimya gani?"

Jirani yangu hasikii Kiingereza hata neno moja, na mimi nilikuwa mwoga.

"Silent," nikasema.

Yaya aliangua kilio, na simu yangu ni ya zile zinazosikika hadi barabarani.  Mke wa shofere alifungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akanipa nimshike, kisha akakaa chini kwenye udongo.