Simu Iliyokataa Kukatika

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mikono yangu ikiwa na unga wa chapati hadi viwikoni, nilipomsema mama mkwe wangu naye yuko pale pale akinisikiliza. Usicheke. Ngoja kwanza nikueleze, kwa sababu mwezi ujao unaolewa, na naona mdomo wako ni kama wangu wa wakati ule.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Tulikaa Kutus, mimi na mume wangu, Baba Wangari, na mtoto wetu Wangari akiwa na miezi saba. Nilisomea ufundi wa redio na televisheni, halafu nikaolewa, halafu nikakaa nyumbani. Kule kukaa kuliniuma, sitakudanganya. Ndipo karakana moja ya Sagana ikanikubali. Nilitakiwa kuanza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na mwenye karakana alisema wazi kwamba nisipofika siku hiyo, kuna mwingine anayekitaka hicho kiti.

Sasa mtoto abaki na nani? Mkono mmoja haulei mwana. Mama yangu mzazi alikuwa ameshatutoka. Alibaki mama wa mume wangu, mjane aliyeishi na kahawa yake na ng'ombe mmoja kule Gakindu. Nikampigia Jumapili hiyo. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, lakini hakusita hata kidogo. Akasema, "Nitakuja Alhamisi."

Hapo lazima nikwambie habari ya simu yangu. Juu ya skrini, karibu na pale unapoweka sikio, kuna kajicho kadogo. Hiyo ndiyo sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Ukiweka simu shavuni, inaona shavu na kuzima skrini usije ukabonyeza mambo bila kujua. Ukiiondoa, skrini inawaka. Yangu iliharibika siku simu ilipotumbukia kwenye uji. Nikipiga tu, skrini inazima na haiwaki tena, ati bado inaona shavu. Kukata siwezi, mpaka yule wa upande wa pili akate. Na mimi ni fundi! Sensa mpya nilikuwa nayo, imelala ndani ya kiberiti kabatini kwa wiki mbili. Mganga hajigangi.

Mama naye alikuwa hakati simu. Wazee wengine wa kwetu ndivyo walivyo: aliyepiga ndiye akate, maana kumkatia mtu ni kama kumfungia mgeni mlango kabla hajafika langoni. Nilijua hayo yote. Lakini dada yangu Muthoni alikuwa ameketi hapo jikoni akingoja habari, na kwa sababu ya unga simu nilikuwa nimeiweka mezani kwa sauti ya nje, niliyowahi kuibonyeza kabla skrini haijazima. Tukaagana na Mama, nikaona skrini nyeusi, nikasahau kwamba haijakatika, nikarudi kwa chapati zangu.

"Anakuja," nikamwambia Muthoni, "lakini huyo mama ananuka moshi. Utaona vile atamlisha mtoto wangu maharagwe ya njahi ametafuna na mdomo wake." Muthoni akacheka. Mwanangu, jihadhari na mtu anayekuchekea, maana utamwongezea. Nikaongeza. "Kusema ukweli, ningekuwa na mtu mwingine, huyo singemwita."

Simu ikakohoa.

"Mama Wangari," sauti ikasema polepole kutoka mezani. "Kata simu. Mimi nangoja wewe ukate."

Woi! Niliruka na vidole vya unga nikabonyeza, nikabonyeza, skrini nyeusi kama chungu. Mwisho nikabandua mgongo wa simu nikang'oa betri. Muthoni alichukua leso yake akaenda kwake bila kuonja chapati. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikivimba kinashuka, lakini neno likishatoka utalirudisha na nini?

Sikumpigia tena. Ningeanza na neno gani? Mume wangu sikumwambia, na nilimtazama kila akishika simu yake, nikingoja uso ubadilike. Jumatatu hadi Jumatano nilikula kama mgonjwa. Ile kazi niliiona imeshaenda, na kusema kweli nilijua ni haki iende.

Alhamisi saa nne asubuhi akabisha. Alikuwa na kiondo cha ndizi mgongoni na kuku mmoja ametiwa kwapani. Nikampokea, nikashindwa kumtazama usoni. Nikampa chai. Akainywa yote, akaweka kikombe chini.

"Hiyo simu yako ni mbaya," akasema. "Kijana yangu aliniambia wewe ni fundi. Itengeneze leo, mimi nikiona. Sipendi kusikia maneno ambayo sikutumiwa."

Angenipigia kelele ningepata nafuu.

Nikatandika kitambaa cheupe mezani. Nikatoa betri, nikafungua skrubu moja moja, na Mama akazipanga kwenye sahani kwa mfuatano, kama anayechambua kahawa mbivu na mbichi. Nikainua kifuniko kwa ukucha wa plastiki. Sensa ya zamani ilikuwa kwenye utepe mwembamba, na uji umekaukia hapo kama gamba. Nikaitoa kwa kibano, nikaweka mpya, nikafunga, nikawasha, nikampigia yeye.

Skrini ikazima. Haikuwaka.

Nilihisi machozi yananijia, si ya simu tu. Nikaifungua tena. Skrubu moja ikaniponyoka, na Mama akaiokota kwenye kanga yake. Halafu akasogeza ile sensa ya zamani kwa kidole. "Na hii kofia ndogo ni ya nani?"

Ilikuwa ni mpira mweusi, mdogo kuliko punje ya mtama, unaovishwa ile sensa. Usipouweka, sensa inauona mwanga wake yenyewe na kudhani kuna kitu mbele yake. Fundi mzima nilikuwa nimeusahau kwa haraka na aibu, na aliyeuona ni mwanamke ambaye hajawahi kufungua simu maishani. Nikauhamisha, nikafunga, nikapiga. Mama akaweka kiganja juu, skrini ikazima. Akaondoa, ikawaka. Akafanya hivyo mara nne, akicheka kama msichana.

Nikapiga magoti hapo hapo. "Mama, nisamehe."

"Sijasahau," akasema. "Usifikiri nimesahau. Lakini nimekuja. Simama, hiyo simiti iko na baridi."

Jumatatu nikaenda Sagana. Mama alikaa nasi miaka minne, mpaka Wangari akaanza shule, na kahawa yake akaiachia jirani aichume. Alimfunza mtoto kutembea, kusali na kusema Kikuyu safi kuliko changu. Leo nina karakana yangu mwenyewe, unaijua, umekula vya hapo tangu uje kuishi kwangu. Na neno la Jumapili ile hakumwambia mwanawe hata mara moja. Mume wangu amelijua juzi tu, nami mwenyewe ndiye nilimwambia.

Mwaka jana nilienda Gakindu kumwona. Amezeeka, macho hayaoni mbali. Tukakaa karibu na moto, nikamwuliza lile nililoogopa miaka yote: baada ya kusikia vile, kwa nini ulikuja?

"Nilisikia vile ulisema," akajibu. "Lakini nyuma yako nilisikia mtoto akilia. Alilia sana, na nyinyi mlikuwa mnacheka, hakuna mtu alienda. Nikasema, huyo lazima niende nimshike."

Mwanangu, mimi sikukumbuka kwamba mtoto alilia. Mpaka leo sikumbuki.

Basi nakuomba, kitu chako kikianza kuharibika, kitengeneze kikiwa bado kidogo, na usijitetee ati una vipuri kabatini. Mtu asipokuwepo, mseme kama yuko mlangoni, kwa sababu mara nyingi yuko. Ukikosea, omba msamaha kwa magoti na uchukue kibano pia, yaani rekebisha kile ulichoharibu. Na huyo mama unayeenda kuwa mke wa mwanawe, atakuwa na moshi wake na njahi zake. Mpokee. Mshukuru angali anasikia, kama mimi ninavyomshukuru kila nikimwona Wangari akivaa sare yake ya sekondari asubuhi.

Mungu akupe nyumba yenye amani, watoto wenye afya na mikono mingi ya kuwalea. Na siku utakapomkosea mtu, kwa sababu utamkosea, awe ni mtu ambaye hata akiwa ameumia atasikia mtoto wako akilia, na aje.