Mshona vitabu wa Kitale na neno lililomtia mashakani

Saa tatu asubuhi, kwenye baraza ya duka la vifaa vya shule mjini Kitale, Edinah Nasimiyu anapitisha sindano ya magunia kwenye mgongo wa riwaya iliyochanika. Anakaza uzi, anaukata, kisha anafanya jambo ambalo si kawaida ya mafundi wa vitabu. Anaandika maoni yake kwenye kikaratasi na kukichomeka ndani.

"Huyu kijana angepiga simu moja tu, mapenzi yangeisha vizuri peji ya kumi," anasoma kwa sauti, akicheka peke yake. "Lakini ile barua ya mwisho, hapo amenimaliza."

Edinah, mwenye umri wa miaka 41 na mkazi wa Kiminini, hushona vitabu vya watu wa Kitale hadi Bungoma kwa shilingi 150 kimoja. Biblia na vitabu vya nyimbo ndivyo vinavyomlisha. Riwaya na tawasifu humchelewesha, kwa kuwa hawezi kuzirudisha kabla hajazimaliza.

Hamung'unyi maneno. Kuhusu mwanasiasa mmoja aliyejiandikia kurasa mia nne alisema: "Anajisifu sana. Peji ya tisini anakumbuka vile mama yake alikuwa anakohoa. Hapo tu nimemwamini." Mwenye kitabu alirudi kumwambia kwamba hata yeye aliguswa hapo hapo.

Mwezi wa tano, hata hivyo, kikaratasi kimoja kilimtia mashakani.

Akina mama wa kanisa huko Matulo walimletea tawasifu ya mwenzao Nasike, mkunga mstaafu aliyejichapishia kitabu mjini Bungoma. Gundi yake haikudumu hata mwezi. Edinah alikisoma kwa siku mbili, akalia kwenye sura ya pacha waliozaliwa mto ukiwa umefurika, akaandika sifa tele. Kisha akaongeza: "Sura ya arusi, mahari haionekani."

Wanaomjua wangeelewa mara moja. Edinah, kama wengi waliokua wakizungumza Kibukusu, huchanganya l na r bila habari, kwenye ulimi na kwenye kalamu. Alimaanisha mahali: boma lilikuwa wapi, mlima ulikaa upande gani. Angeandika "hapaonekani", kama wanavyofunza shuleni, sarufi ingemwokoa. Lakini akina mama wa Matulo walisoma walichosoma, kitabu kikazunguka nyumba hadi nyumba na kikaratasi chake, na ikasemekana mzee Wabwile, mume wa Nasike na mzee wa kanisa, alioa bila kutoa ng'ombe hata mmoja.

"Nilisikia mzee ananitafuta," Edinah anakumbuka. "Nikaambia Mama Bimla, mimi siandiki tena. Kazi yangu ni uzi."

Bimla, mwenye duka, ndiye aliyempa baraza hiyo miaka tisa iliyopita. "Nikamwambia wewe keti, shona," anasema. "Mzee wa kanisa hawezi kupiga mtu mbele ya duka yangu."

Kwa wiki tatu vitabu vilitoka bila neno. Wateja waliuliza, Edinah akainamia sindano. Ukweli ni kwamba aliumia sana. Shule aliiachia darasa la nane, na ni kwa sababu ya vikaratasi hivyo tu watu walianza kumuuliza anafikiri nini.

Jumanne moja Wabwile akafika na mkewe. Alitoa kikaratasi, akakinyoosha mezani.

"Ni wewe uliandika ati sikutoa mahari?"

"Hapana, papa," Edinah alijibu, akimwita baba kwa Kibukusu. "Niliandika mahari haionekani. Si msomaji anataka kujua nyumba iko wapi, kuko na mto ama hakuna."

Nasike ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. "Baba Kevin, huyu mtoto anasema mahali," alimwambia mumewe.

"Si ndio nimesema," Edinah akajibu. "Mahari."

Mzee alimtazama, akamtazama mkewe, akaketi kwenye benchi na kushusha pumzi. "Wiki tatu napita njia ya nyuma kwenda kanisa," alisema. "Kumbe ni r tu." Kisha akamgeukia Nasike. "Lakini ako na ukweli. Boma yetu ya kwanza hukuandika hata laini moja."

Kicheko cha Nasike kilikatika. "Si huko ndiko tuliacha Sifuna," alisema.

Sifuna, mtoto wao wa kwanza, alizikwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon akiwa na miezi saba, kabla hawajahamia Matulo. Mkunga aliyepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini alikuwa amemruka wa kwake kitabuni.

Mwezi uliofuata alirudi na kurasa sita mpya za boma la mlimani na mtoto huyo. Edinah sasa anazishonea ndani ya nakala sitini zilizobaki. Nasike alitoa sharti moja: azisome kwanza, na aandike anavyoona, bila woga.

"Nilishika karamu tena, nikasikia mwili wote umekuwa mwepesi," Edinah anasema. "Sikujua vile nilikuwa nimebeba kitu kizito."

Desemba wazee hao watapanda mlimani kuweka jiwe juu ya kaburi, na wamemwomba aandamane nao. Bimla ameahidi kumtunzia meza.

"Nitaenda," anasema Edinah. "Nataka kuona kama nilisoma vizuri."