Nimesema Zimelala

Wifi yangu amelea hamira miaka kumi na tisa. Si ya kuumulia unga, ni ya maabara, chembe zisizoonekana kwa macho matupu, na wote humwita Mama Hamira. Mimi huosha chupa hapohapo. Kazi hiyo alinitafutia yeye.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafuta kabati la joto, mbiombio kama kawaida yangu, kitambaa kikazungusha kitasa cha kuongezea joto. Sikuona. Saa sita wifi akafungua kabati. "Mungu wangu! Arobaini!" Chembe zake hutaka digrii thelathini tu. Nikaona povu langu la sabuni limekauka pale kwenye kitasa, nikajua ni mimi. Nikarudi kwenye chupa zangu. Nina watoto watatu, kazi nyingine ningeitoa wapi?

Akachungulia kwenye hadubini. Hakuna hata chembe moja iliyokuwa inagawanyika. Akampigia simu daktari mwenye utafiti. "Zimelala," akamwambia.

Daktari akashusha pumzi. "Pole sana, mama. Zitupe. Kesho tutajua nani awajibike."

"Nimesema zimelala, sijasema zimefariki! Nipe mpaka saa kumi."

Akarudisha joto, akavuta kiti. "Joto likizidi," akaniambia, "protini zao zinajikunja ovyo, zinagandana. Sasa chembe yenye akili itazaaje na nyumba iko shaghalabaghala? Inasimama kwanza. Zinazonyoosheka inazinyoosha, zilizoharibika kabisa inazivunja, vipande inavitumia upya. Ikimaliza ndiyo inaendelea." Mimi naitikia tu, chupa moja naiosha mara nne.

Saa kumi kasorobo akaniita. "Njoo uone, wewe mama mbio!" Karibu nusu ya chembe zilikuwa zimetoa vichipukizi ubavuni. Jamani! Nikacheka, machozi yakanitoka, nikamkumbatia na glavu zangu zilizolowa. Akampigia daktari palepale: zimeamka, zinagawanyika, hakuna cha kutupa. Hapo neno likanitoka lenyewe.

"Wifi, ni mimi niliyegusa kitasa."

"Najua. Si sabuni yako ile?"

"Umejua tangu saa sita? Mbona hukusema?"

Akafunga daftari lake. "Na wewe joto lilikuwa limekupanda. Nilikuwa nakungoja upoe."