Mikia Niliyoikata

Mwanangu alifikisha miaka mitatu hasemi. Hasemi hata neno. Na kila mtu hapa Malakia, mtaa wetu wa Juba, alikuwa na maelezo yake.

"Dada, huyu mtoto iko na shida ya ulimi," aliniambia jirani yangu, Mganda anayekaanga chapati mlangoni kwetu. "Peleka yeye kwa daktari."

"Nimempeleka."

"Daktari nasema nini?"

"Anasema masikio mazima, koo zima."

Akageuza chapati, akanitazama. "Basi shida ni wewe."

Nilimtukana. Tukanuniana siku nne, na hizo siku nne sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, maana hapa Juba ndiye peke yake aliyekuwa ananisalimia bila kutaka kurekodiwa. Siku ya tano nikanunua chapati mbili. Hatukuombana msamaha.

Kazi yangu ni prodyuza, narekodi nyimbo za watu. Chumba changu kiko nyuma ya duka la jumla la Msomali mmoja, mzee mpole anayeuza unga na sukari. Jenereta lake liko nje ya ukuta wangu. Likiwaka, huwezi kurekodi hata kikohozi. Lakini mzee anaswali. Ikishaadhiniwa adhuhuri anafunga duka, analizima jenereta, anaenda msikitini, na mimi napata ukimya wa kama nusu saa, Ijumaa zaidi kidogo. Betri yangu ya sola inaendesha kompyuta na maikrofoni. Kwa hiyo kwaya na waimba injili wote wanaokuja kwangu wanamwimbia Yesu wakati Waislamu wanaswali. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Sikuzaliwa prodyuza. Nilikuwa na bendi. Nilisomea Kenya, wakati wa ukimbizi, mpaka kidato cha nne, na huko tukaanza wanne: mimi gitaa na kuimba, mmoja ngoma, mmoja gitaa la pili, mmoja besi. Tulipiga roki. Watu wetu walitaka nyimbo za harusi, sisi tukawaletea kelele. Hatukuwa na kampuni wala mfadhili, tulijirekodi wenyewe, tukajaza nyimbo kwenye flashi na kuziuza mkononi. Tuliporudi Juba tukapiga kwenye baa moja ya mtaa wa Hai Cinema. Mwenye baa alikuja katikati ya wimbo wa pili akaniuliza kama kifaa kimeharibika.

Nilikuwa na furaha lakini. Naliandika hili kwa sababu hakuna anayeniuliza.

Mpiga besi ndiye baba wa mtoto. Mimba ikiwa ya miezi saba alisema anakwenda Kampala wiki mbili, kuna maonyesho. Alichukua besi, spika na nyaya zote nzuri. Maikrofoni aliiacha kwa sababu nilikuwa nimekalia kasha lake na sikuinuka. Hivyo ndivyo nilivyogeuka prodyuza. Gitaa langu bado lipo, limeegemea ukuta nyuma ya godoro.

Godoro ni lile tunalolalia. Kabla ya kurekodi nalisimamisha ukutani ili sauti isigonge, natundika mablanketi mlangoni, mtoto namkalisha chini ya stendi ya maiki, juu ya gunia tupu la unga. Hana pengine pa kukaa. Tangu akiwa wa kutambaa nilimfundisha: mama akiinua kidole, kimya. Mama akisema khalas, imekwisha, unaweza kucheza. Alishika haraka. Wateja walimsifu. "Mtoto ana adabu!" Nikajivuna, mjinga mimi.

Watu wanadhani studio ina watu. Mimi nakaa na vichwa vya sauti, yaani hedifoni, masikioni, watu wanapumua ndani ya kichwa changu. Najua nani alilia kabla ya kuja, nani ana pumu na anaificha. Wao hawajui kama nimekula. Wakimaliza wanasema "asante, madam", mlango unafungwa, nabaki na pumzi zao nikizisafisha moja moja.

Sasa kuna mwimba injili mmoja kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akiangalia juu ya kichwa changu.

"Prodyuza iko wapi?"

"Mbele yako."

"Hapana, mwenyewe. Mzee."

"Mzee ameenda kuswali. Una nusu saa. Unaimba au unatafuta wazee?"

Akaimba. Anaimba vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nikamtengenezea wimbo, akauchukua. Baada ya juma moja akarudi amekasirika.

"Madam, ile siku niliomba. Baada ya kuimba mara ya tatu niliomba pale pale, Roho alishuka. Kwenye wimbo sala haiko. Umekata?"

"Wimbo uliisha, nikakata mkia. Kila wimbo nakata mkia."

"Tafuta. Mimi nataka sala yangu."

Mkia ni kile kinachobaki sauti ya mwisho ikishapita: viatu, mtu anameza mate, mimi natoa maagizo. Ni takataka. Lakini faili ghafi huwa sizifuti. Alipoondoka nikamtafutia, jenereta likinguruma, vichwa vya sauti vimebana masikio.

Sala niliipata. Ilikuwa fupi kuliko alivyokumbuka. Baada ya amina nikasikia sauti yangu mwenyewe, mbali, nikimwambia asogee kando ya maiki. Na chini ya sauti yangu, karibu sana, kama mtu ameweka mdomo sikioni mwangu:

"Mama, khalas?"

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Ulikuwa mnong'ono, lakini kila herufi ipo.

Nikafungua wimbo mwingine, wa kwaya ya akina mama. Mkia. Wanacheka, mimi nawaharakisha kwa sababu mzee yuko karibu kurudi. "Mama, khalas?" Wimbo mwingine. "Moja, mbili, rudia," ananiigiza. Mwingine, wa miezi mingi nyuma, sauti bado ya kitoto kabisa: "Kaas?" Mwingine: "Mama, khalas? Mama, kiu." Halafu jenereta linawaka, na mimi nabonyeza kusimamisha.

Katika mikia yote hiyo hakuna mahali ambapo nilimjibu. Nilikuwa nimeshavua vichwa vya sauti, nimegeukia mteja, nahesabu dakika. Kidole niliinua kila siku. Kuna siku sikusema khalas. Halafu siku nyingi. Na mtoto, mwenye adabu, akaendelea kungoja. Maneno yake aliyapeleka kwenye maiki, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mama yake humsikiliza aliye mbele ya maiki.

Na mimi nikamkata. Kwa mkono wangu, na nikaona kazi imetoka safi.

Nilivua vichwa vya sauti. Alikuwa amekaa juu ya gunia, ananitazama kidole. Nikasema, "Khalas." Hakufanya kitu. Nikapiga kelele, "Khalas! Khalas, mwanangu, khalas!" Akaogopa, akajikunja.

Basi nikaishusha stendi mpaka chini kabisa. Nikavaa vichwa vya sauti, nikakaa sakafuni, nikafungua maiki. Nje jenereta linanguruma kama kawaida. Mtoto alichukua muda mrefu. Akajivuta kwa makalio mpaka mdomo ukagusa wavu wa maiki.

"Mama, khalas?"

"Khalas."

Akafikiri. "Mama, mkojo."

Nikambeba nje mbio, tukampita jirani na chapati zake. "Amesema mkojo!" nikamwambia. Jirani akaangalia gauni langu. "Naona," akasema.

Mwimbaji nilimpa sala yake. Niliikata mara baada ya amina, mahali pale pale ninapokata siku zote, sauti ya mwisho ikishapita. Kilichofuata amina si chake. Hicho nimekitenga pamoja na mikia mingine, na mpiga besi akirudi siku moja hatakisikia hata akipiga magoti.

Sitasema sasa mtoto anaongea kama redio. Anaongea kidogo, mara nyingi kwa kunong'ona, na bado ananitazama mkono kwanza. Hilo nitaishi nalo.

Ijumaa iliyofuata mwimbaji alikuja na wimbo mpya. Mzee alizima jenereta, tukaanza, kiitikio kikatoka vizuri ajabu. Katikati, kutoka kwenye gunia, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeishi mle ndani:

"Mama, maji."

Mwimbaji akakatiza wimbo. "Madam! Ilikuwa ndiyo hiyo! Mtoto ameharibu!"

"Tutarudia."

"Swala inaisha!"

"Basi utakuja kesho."

Nikavua vichwa vya sauti, nikaenda kwenye mtungi, nikamchotea. Alikunywa taratibu, kikombe kizima, na sisi wawili tulisimama tukamngoja.