Doa Ambalo Halikugeuka Jekundu

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa chumba cha kusagia unafungwa kwa ndani na feni zinazimwa, kwa kuwa upepo kidogo tu hutosha kuutawanya unga wa manjano chumba kizima. Mwanamke wa miaka arobaini na sita anavaa barakoa, anasawazisha kibao chenye matundu mia moja na kuanza kujaza kapsuli. Kwa siku hujaza elfu moja na mia mbili. Hulipwa kwa siku, na siku asiyofika haina malipo.

Wenzake humwita Mjazaji. Vidole vyake vina rangi ya njano mpaka kwenye kucha.

Kapsuli hizo ni za utafiti juu ya magoti yaliyolika gegedu, yaani ule mto laini unaotenganisha mifupa. Watafiti wanapima kama kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, hupunguza maumivu na uvimbe. Katika awamu ya kwanza, wagonjwa themanini na wanne waligawanywa. Nusu walimeza manjano yaliyokolezwa, nusu unga wa mahindi uliotiwa rangi ya chakula.

Mjazaji alijaza vyote viwili. Nani alipewa nini alijua mfamasia peke yake, na orodha ilikuwa kabatini, chini ya kufuli.

Mmoja wa wagonjwa alikuwa dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, aliyekanyaga cherehani kwa miaka thelathini na moja. Masharti hayakumkataza, mradi mdogo wake asiione orodha. Hakuiona.

Wiki ya tano dada alianza kuisifu dawa. Alipanda ngazi bila kushika ukuta, na habari za goti lake zilisimuliwa mpaka majirani wakaanza kumkwepa. Akapokea kazi ya mashati mia mbili.

"Aliniambia, 'Mdogo wangu, goti limerudi ujanani, limeniacha mimi peke yangu na uzee,'" anakumbuka Mjazaji.

Jumamosi iliyofuata alimkuta dada akifua shati jeupe. Kapsuli ilikuwa imepasuka juu ya kitambaa na kuacha doa la njano. Dada alilisugua kwa sabuni ya mche huku akipiga soga. Mjazaji alisimama akitazama povu.

Manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu. Yeye huliona hilo kila jioni anaponawa. Doa la dada halikugeuka. Lilififia, likatoka.

"Nikajua palepale kwamba anameza unga wa mahindi," anasema.

Akisema, angeharibu matokeo, na pengine ile nafuu ingeondoka na maneno yake. Akinyamaza, dada angeendelea kulitwisha goti bovu mashati mia mbili. Jumatatu alikwenda kwa daktari anayesimamia utafiti, akaeleza yote. Daktari aliyaandika kwenye kumbukumbu, akamtaka asimwambie mgonjwa alichokiona.

"Lakini daktari alisema goti la dada linahitaji kupumzishwa, awe anameza manjano au unga. Hilo niliruhusiwa kulisema."

Alipolisema, dada alicheka. "Na nani atakanyaga cherehani? Wewe?"

"Mimi."

Kwa wiki saba, kila alipotoka kazini, Mjazaji alishona mishono iliyonyooka, akiwa na glavu asije akayatia mashati alama za vidole. Dada alikata vitambaa na kutia vifungo, na hakuacha kumuuliza kama ule ni mshono au njia ya mchwa.

Mwezi uliopita kabati lilifunguliwa. Waliomeza manjano walipata nafuu zaidi ya waliomeza unga, ingawa tofauti si kubwa. "Yanapunguza maumivu. Gegedu hayairudishi," anasema daktari, na anataka sentensi zote mbili ziandikwe.

Kila mgonjwa alipewa kadi iliyoandikwa alichokuwa akimeza. Dada aliisoma yake mara mbili: unga wa mahindi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofua lile shati."

Dada aliikunja kadi. "Miezi mitatu unanilisha unga, mdogo wangu, na hata mboga hukunipa."

Mjazaji alicheka peke yake. Kwa siku nne dada hakupokea simu zake. Siku ya tano alipiga mwenyewe. Goti lilikuwa limevimba, na alitaka wa kumshika mkono kwenye ngazi za kliniki.

Kwa masharti ya utafiti, waliomeza unga sasa watapewa manjano kwa miezi mitatu. Dada amekubali. Amekubali pia kutopokea kazi inayozidi mashati thelathini kwa mwezi, na mishono mirefu itaendelea kuwa ya mdogo wake.

Mjazaji huulizwa mara nyingi kama anaiamini dawa anayoijaza. Hujibu kwamba matokeo yameandikwa, kila mtu asome. Kuhusu dada yake, ana ombi moja tu.

"Imsaidie walau kama ule unga ulivyomsaidia."