Glavu Juu ya Mafiga

Mvua ya Mufindi haijui kubisha hodi. Imeingia tangu jana, na asubuhi hii bado inapiga bati la jiko la Lugano Mwakalinga kana kwamba wana ugomvi. Mwenyewe hana habari. Amechuchumaa kando ya mafiga, anageuza glavu nyeupe aliyoitundika juu ya moshi, pale majirani wanapotundika mahindi ya mbegu.

"Glavu hiyo inakaa jikoni kuliko mimi," mkewe, Yudith, anamtania.

Lugano, 63, ni kedi, yaani mtu anayembebea mcheza gofu mfuko wa fimbo. Alitoka Tukuyu kijana kutafuta kibarua cha kuchuma chai, akakuta uwanja wa gofu katikati ya mashamba. Malipo ya raundi moja yalitosha sukari na sabuni. Masika wachezaji walipokimbia, alirudi kwenye chai.

Mmoja tu hakukimbia. Mzee Crispin Kalinga, fundi wa kiwandani, aliipenda gofu ya mvua kuliko ya jua.

"Wenzake wakiona wingu wanaingia ndani kunywa soda. Yeye ananiambia, 'Lugano, lete njumu, leo uwanja ni wetu!'" anasimulia, uso umemchangamka.

Mvua ilikuwa na maandalizi yake. Taulo kavu ndani ya mfuko wa nailoni, glavu za akiba zikining'inia kwenye vyuma vya mwavuli, kwa ndani. Mwavuli wenyewe Lugano aliushika juu ya kichwa cha mzee mpaka anainua fimbo, ndipo aliporuka pembeni.

"Mgongo uliolowa ni wangu," anasema na kucheka.

Kuna siku aliharibu. Alisogeza glavu karibu mno na moto, ikajikunja ikawa ya mtoto mchanga. Mzee Crispin akaijaribu, ikamgomea kwenye vidole, akacheza mikono mitupu. Alipiga vibaya siku hiyo, na njia nzima alikuwa anacheka.

Kisha mzee alistaafu, akahamia Mbeya kwa binti yake, Matilda.

"Nimebebea wengi baada yake. Lakini mvua ikianza, namkumbuka yeye. Inauma, nisikufiche."

Mwezi ujao Lugano anarudi Tukuyu kwenye migomba yake. Leo ndiyo raundi yake ya mwisho, na mzee ameahidi kuja kucheza. Glavu hii ni ya mzee.

Simu inaita. Lugano anaweka sauti ya nje.

"Lugano, tumelala Mafinga. Magoti yamegoma, bwana. Kucheza siwezi."

Lugano anaishusha glavu taratibu, anaitazama. Chai yake imepoa.

"Pole, mzee wangu. Pumzika tu. Ndaga, asante kwa kujaribu."

"Nani kasema napumzika? Matilda anawasha gari hapa. Utapiga wewe, hata shimo moja tu lile la karibu na barabara. Mwavuli nitashika mimi."

Lugano anajifuta macho, anasingizia moshi. Kisha anaivaa glavu aliyoikausha miaka yote bila kuivaa hata mara moja.

"Sasa naomba mvua isikatike," anasema.

"Na mgongo wa mzee wa watu ukilowa?" Yudith anauliza.

"Ulowe. Tutamkausha hapahapa."

Yudith anaongeza kuni.